Siku Tatu Ndani ya Meli ya Mbao

Seremala yule alikuwa ameshakata shauri kabla hajavuta kiti. Alikaa, akaweka kofia gotini, akamwambia mwanamke wa ofisi ya safari neno moja tu.

"Kisiwani."

Binti yake, aliyekaa pembeni na mtoto mdogo mapajani, akashusha pumzi. Mezani palikuwa na vijitabu vitatu vya safari za meli. Kimoja kilikuwa na picha ya kisiwa chenye mlima katikati na nyumba nyeupe zilizoupanda mlima kama ngazi. Cha pili kilikuwa cha bandari ndogo ndogo, saba kwa jumla. Cha tatu kilikuwa cha miji yenye makumbusho. Hicho mzee alikisukuma kando kwa kidole, kama mtu anayeondoa ganda mezani.

"Mzee wangu," mwanamke wa ofisi alisema, "kisiwa ni kizuri, sikatai. Lakini kwenda ni siku nne baharini mfululizo, meli haigusi popote. Kurudi nne nyingine. Watoto wana miaka mingapi?"

"Saba, mitano, na huyu miwili na nusu," binti alijibu.

"Basi ningewashauri bandari ndogo. Kila asubuhi mnaamkia mahali pengine. Mnashuka, watoto wanakimbia, jioni mnarudi melini kulala."

"Hiyo siyo safari," mzee alisema. "Hilo ni basi la vituo."

Kisiwa kile hakukiokota njiani. Picha yake ilikaa miaka kumi na mmoja ndani ya mlango wa kabati la nguo. Aliyeibandika ni mkewe, akaapa kwamba ipo siku atafika pale na wajukuu wote, ingawa wakati huo hata mmoja alikuwa hajazaliwa. Nauli aliiweka yeye mwenyewe, kidogo kidogo, na alipofariki, miezi saba iliyopita, ilikuwa imetimia. Mzee akabaki na picha. Maneno hakuwa nayo mengi tangu zamani, mtaani walimwita Fundi Kimya. Baada ya mazishi hata yale machache yalipungua. Lakini jambo hili moja alikuwa amemwahidi mkewe, na alilishika kwa meno.

"Baba," binti alisema, "watoto hawataweza siku nne."

"Umejuaje?"

"Mimi si mama yao?"

"Mimi sijaona."

Ndivyo alivyokuwa. Shule hakuikanyaga, na neno la mtu hakulichukua hivi hivi. Kwa miaka hamsini hakuna kiti kilichotoka kwenye karakana yake kabla hajakikalia, akajitupa juu yake mara tatu, kisha akamwita jirani yake mnene naye ajitupe.

Akainama mbele. "Chumba cha melini kina ukubwa gani?"

Mwanamke akafunua kurasa. "Cha familia, mita tatu kwa tano. Vitanda viwili chini, viwili juu, na kitanda cha mtoto."

"Na nje?"

"Kuna sitaha ya kutembea. Watoto wana chumba cha michezo, hufunguliwa asubuhi kwa muda wa saa mbili, na jioni vilevile."

"Nafasi zipo mpaka lini?"

"Leo Jumatatu. Nitawashikia mpaka Jumamosi adhuhuri. Baada ya hapo sina ujanja."

Mzee akavaa kofia. "Nitarudi."

Jumanne asubuhi binti alipoleta watoto, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, alikuta karakana ya babu yao imegeuka. Meza ya randa imesukumwa ukutani, misumeno imetundikwa juu ambako mikono midogo haifiki, na katikati pamesimama chumba cha mbao, mita tatu kwa tano, bila kuzidi wala kupungua unene wa kidole. Vitanda viwili chini, viwili juu. Kitanda cha mtoto alikiwekea uzio. Uani alikuwa amezungusha mstari wa chaki kutoka mlango wa karakana, ukapita chooni na jikoni, ukarudi.

"Baba, hii nini?"

"Meli." Akawapanga wajukuu mbele yake. "Ndani ya chaki ni melini. Nje ya chaki ni maji. Siku nne."

"Na geti?" aliuliza wa kati, mvulana wa miaka mitano.

"Geti ni bahari."

"Nani nahodha?" aliuliza dada yao mkubwa.

"Wewe."

Hakuchelewa. Papo hapo alimwamuru mama yake avue viatu na apeleke mizigo chumbani.

"Unataka kuwafunga watoto kwa sababu ya maneno yangu?" binti alimwambia baba yake kando.

"Nawapima. Na wewe ingia. Utalala kitanda cha juu."

Jirani mnene, fundi wa baiskeli, alichungulia juu ya ukuta mkono ukiwa na grisi. "Fundi, meli inaondoka saa ngapi? Nina mzigo."

"Imeshaondoka."

"Mbona naiona palepale?"

"Wewe ndiye unayerudi nyuma."

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasikia kutoka kwa mzee tangu msiba.

Siku ya kwanza ilikwenda kama sherehe. Nahodha alipiga filimbi, wa kati alivua samaki kwa kamba na msumari uliopindwa, na yule mdogo, waliyemwita Kijiko kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kijiko mkononi, alizunguka kwenye maranda ya mbao akiyachota na kuyamwaga. Jioni walilala mapema. Mzee akamtazama binti yake, akainua nyusi. Binti akapanda kitandani kwake.

Siku ya pili mambo yalianza kuchacha. Kufika saa nne asubuhi nahodha na mdogo wake walikuwa wamegombana mara sita, mara zote juu ya kitanda kilekile cha juu. Adhuhuri wa kati alirusha ndala ya dada yake nje ya ukuta, akaja kutoa taarifa amesimama wima: "Babu, imezama."

"Basi imezama," mzee alisema, akaendelea kupiga msasa.

"Babu! Ndala yangu!" nahodha alilia.

"Kilichozama baharini hakirudi."

Ndala ikarudi yenyewe, ikaruka ukuta na kutua kwenye ndoo. "Samaki wameikataa!" jirani alipaza sauti kutoka kwake.

Binti alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Usiku ule hakulala vizuri. Kijiko, aliyekataa kitanda chake, alimpiga mateke ya mbavu mpaka alfajiri. Asubuhi ya tatu alichota maji akiwa amefumba jicho moja.

"Sema tu," mzee alimwambia.

"Sisemi kitu. Wewe si umetaka kuona? Ona."

Aliona. Nahodha alijilaza chali, hataki hata cheo. Wa kati alihesabu misumari ukutani, akafika ishirini, akaanza upya. Mzee akajikaza. Wangezoea. Meli ya kweli ingekuwa na muziki, na chumba cha michezo, na watoto wengine. Akakata vipande vya plaiwudi akawatengenezea gari. Wakacheza nalo muda wa kumenya chungwa, wakaliacha.

Kijiko ndiye hakupiga kelele. Baada ya chakula cha mchana, ambacho hakukigusa, alivuka chaki, akaenda mpaka kwenye geti, akashika nondo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na kijiko. Nje watu walikuwa wakipita: mwanamke na mtungi wa gesi kichwani, mzee wa magazeti, mbwa.

"Uko majini wewe," mzee alimwambia.

"Shuka," mtoto alisema.

"Bado. Kesho."

"Babu. Shuka."

Hakulia. Alisema hivyo tu, akasimama. Mzee akarudi kwenye kazi yake, akapima ubao, akasahau kipimo, akapima tena. Nusu saa baadaye mtoto alikuwa palepale, paji la uso likiwa na alama ya nondo. "Shuka."

Mzee akaweka msumeno chini.

Wiki zile za mwisho mkewe alilala chumba cha mbele. Daktari alikuwa amesema apumzike, asisogezwe. Na kila alasiri, saa hii hii, alimwambia mumewe kwa sauti ndogo, "Nitoe mpaka getini tu. Nione watu wakipita." Naye alimjibu, "Kesho, ukipata nguvu." Alimwambia kesho siku tisa. Siku ya kumi hapakuwa na wa kuambiwa. Na katika siku zile tisa hakukitaja kisiwa hata mara moja.

Akaenda getini, akavuta komeo.

Kijiko hakukimbia. Alitoka, akaweka mguu mmoja kwenye vumbi la barabara, kisha wa pili, akachuchumaa na kuchota mchanga kwa kijiko. Wenzake waliposikia komeo walimpita kama upepo. Mzee alisimama kizingitini, mkono juu ya komeo, akawatazama muda mrefu. Binti yake alipokuja alimkuta anafuta uso kwa kofia.

"Imebaki siku moja, Baba," alisema taratibu. "Usilegee kwa sababu yetu. Nitawabembeleza. Mama alikitaka sana kile kisiwa."

"Alikitaka na wajukuu. Siyo na wafungwa."

"Lakini tulimwahidi."

"Mimi ndiye niliyeahidi." Akalitazama komeo. "Mama yako alitaka kutoka nje. Sikumtoa."

Binti alikuwepo nyumbani siku zile, alikuwa amesikia. Akamshika mkono, ule wenye kidole kilichokatwa na msumeno zamani, wakasimama hivyo huku Kijiko akijaza kiatu chake mchanga.

"Na kisiwa je?"

"Kitakaa. Hakina miguu. Huyu akifika miaka kumi utampeleka."

"Na wewe?"

"Mimi naanza na basi la vituo."

Jumamosi walikuwa ofisini kabla mlango haujafunguliwa. Mwanamke wa safari aliwaona, akachomoa kijitabu cha kisiwa, tayari kwa ubishi.

"Bandari ndogo," mzee alisema.

Mwanamke akamtazama binti, binti akaitikia kwa kichwa. Karatasi zikajazwa. Mzee akaweka alama ya dole gumba mahali alipoonyeshwa, akapangusa wino kwa leso, lakini hakuinuka.

"Kuna ombi lolote la ziada?" mwanamke aliuliza, kama anavyowauliza wote.

"Lipo. Bandari zote saba, ngazi ikishushwa, watoto hawa washuke kwanza."

"Mzee wangu, utaratibu ni kwamba familia zenye watoto wadogo hushuka mwisho. Msongamano, unajua. Inakuwa salama zaidi."

"Wanasubiri wapi?"

"Chumbani kwao. Saa moja, saa na nusu."

"Hapana."

"Siyo mimi niliyepanga. Ni meli."

"Basi waandikie meli."

"Sijui kama watakubali."

"Andika kwanza."

Nyuma yao foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mtu mmoja alikohoa, mwingine akatazama saa yake kwa makusudi. Binti aliona aibu, akamgusa baba yake begani. "Baba, twende. Tutaongea nao hukohuko melini."

Mzee alivua kofia aliyokuwa ameshaivaa, akaiweka mezani, juu ya karatasi za watu wengine, akakunja mikono kifuani. Hakuwa na hasira. Alikuwa amekaa tu, kama mtu aliyekuja kukesha.

Mwanamke wa ofisi aliitazama kofia. Akaitazama foleni. Akachukua kalamu.

"Majina ya watoto," alisema, "anza na mdogo."