Aliyetufundisha Kuusubiri Mfupa

Mama aliyefunga hogo, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, nusu ya mji huu ametutoka. Habari ilinikuta sokoni Jumatatu asubuhi nikichagua maharage, na aliyeniletea hakuhitaji kutaja jina. Alisema tu, "Mama wa plasta amefariki," huku akikishika kiwiko chake kilichowahi kuvunjika. Tulimzika kwao Kasense kwenye upepo na baridi yetu ile, na nikwambie ukweli, msomaji, ulikuwa msiba wenye vicheko. Kila aliyeshika koleo alikuwa na mfupa wake wa kusimulia.

Wangu ni wa mguu wa kulia, niliouvunja nilipoanguka na pikipiki nikitoka Mollo. Wiki ya nne maumivu yaliisha, nikaenda hospitali kumwomba anifungue. "Shikamoo mama. Nimepona." "Marahaba. Nani kakwambia?" Akanipeleka eksirei, kisha akaiinua picha dirishani. Pale mfupa ulipokatika palionekana kitu kama ukungu. "Ndani ya uboho, na kwenye utando unaouvika mfupa, kuna seli changa ambazo hazijachagua kazi," alinieleza. "Mfupa ukivunjika zinaitwa. Zinaongezeka, zinajifunza. Nyingine zinakuwa gegedu, ile nyama ngumu kama ya sikio, nyingine zinakomaa kuwa wajenzi. Wajenzi wanatandaza nyuzi laini kwanza, madini yanafuata, ndipo pakauke pagumu. Huu ukungu wako ni kazi ya wanafunzi. Ukiukanyaga leo, utapinda. Na hizo sigara zilizo mfukoni zinawachelewesha." Nilirudi nyumbani na hogo langu. Sigara niliziacha mezani kwake.

Kwenye benchi siku hiyo alikaa mvuvi wa Wampembe, naye amevunjika mguu. Aliyasikia yote akacheka. "Mama, dagaa hawanisubiri mimi." Alipofika kwao alilikata hogo kwa kisu, akaingia mtumbwini. Wiki mbili baadaye nilipokwenda kliniki nilimkuta amerudi, mguu umepinda, macho chini. Nilijiandaa kusikia akikaripiwa. Mama alimtazama, akauliza, "Umekula?" Daktari alimnyoosha upya, mama akamfunga upya. "Seli hazina kinyongo, baba. Zitaanza tena. Safari hii zipe nafasi." Alizipa. Juzi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, anatembea wima.

Mimi, niliyejiona mwerevu kuliko mvuvi, niliangukia upande wa pili. Hogo lilipotolewa na picha ikaonyesha mfupa umeunga, sikuthubutu kuyaachia magongo. Mama aliyachukua, akayasimamisha ukutani. "Kanyaga." "Naogopa, mama." "Mfupa usiobeba kitu unapungua. Wale wajenzi, baadhi yao hubaki wamezingirwa na walichokijenga, wanakaa humo kuusikiliza uzito wako. Usipoukanyagia, watasikiliza nini?" Nikakanyaga. Mguu ulinishika. Alipiga makofi, na wagonjwa wote benchini wakamfuata kana kwamba nimefunga goli.

Namkumbuka kila ninaposikia wakubwa wa ofisi wakilalamika kwamba vijana wa leo hawajaiva. Wako wanaomtwika mgeni mzigo wa kazi mwezi wa kwanza, akipinda wanasema ameharibika. Wako pia wanaomweka miaka mitano akisindikiza mafaili, halafu wanashangaa hana nguvu ya kuamua lolote. Mama hakuwa hivyo. Wauguzi wapya aliwaacha kwanza waangalie tu. Siku ikifika, aliwapa bandeji mbichi ya plasta mikononi, akasimama nyuma yao, mikono yake ameifumbata mgongoni ili isiwaingilie. Leo wao ndio wanaotufunga, na hakuna anayelalamika.

Pole pole ndio mwendo, tunaambiana, lakini yeye alijua pia kwamba pole pole ina mwisho wake. Mtu mchanga si mtu mbovu. Ni mtu ambaye kazi bado inamkomaza. Sisi tuliotangulia tunadaiwa jambo moja tu: kujua lini tumshike, na lini tumwachie asimame.