Aliyemtuma Aziza Akamfunge Gauni

Usinitazame hivyo. Sijarogwa, sinywi, na akili zangu ninazo. Haya yalinifika mimi mwenyewe, hapa hapa Stockholm, saa tisa alasiri, wakati watu wanakunywa kahawa zao. Ingekuwa uongo, si ningeupamba vizuri zaidi? Nisikilize tu. Pole nimeshapewa za kutosha.

Mimi ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, na hapa nakaa Hallonbergen na binti yangu Aziza. Kazaliwa huku. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, lakini adabu anayo, nimemfunza mwenyewe. Majira ya baridi yaliyopita nilipata kazi kwenye jumba la maonyesho, kukaa kitini na kuzuia watu wasiguse picha. Zilikuwa picha za Ufaransa, za miaka ile baada ya vita kuu ya pili. Akina mama wa kitajiri kwenye dansi, glavu hadi viwikoni, magauni yamekula kitambaa mpaka unajiuliza, hivi hawa si juzi tu walikuwa kwenye foleni ya mkate?

Matajiri wote wameandikwa majina chini ya picha. Lakini wale wasichana waliovalishwa magauni ya mafundi wakubwa ili wapigwe picha, wao hawana jina. Ameandikwa fundi, ameandikwa mpiga picha, basi. Gunilla, mama wa Kiswidi aliyewatembeza wageni, aliwaeleza kwamba magauni mengi hayakuwakaa sawasawa wasichana wale. Yalivutwa nyuma yakabanwa na vibanio, ili kamera ione kiuno cha nyigu. Wageni walicheka, nami nilicheka.

Siku hiyo nje kulishakuwa giza, unaijua Desemba ya huku. Wageni wameisha. Aziza katoka shule, kanifuata ili turudi pamoja kwa treni, kakaa kwenye benchi na simu yake. Ndipo akaingia mwanamke. Gauni jeupe mpaka chini, mabega wazi, na baridi yote ile! Akanisemesha Kifaransa, nami Kifaransa nilikisoma shule. Alisema anangojwa apigwe picha, gauni limemlegea mgongoni, hana wa kumfunga. Akaomba nimwazime binti kidogo.

Unadhani nilifanya nini? Nilimtazama miguu. Usicheke! Wewe ukikutana na mwanamke usiyemjua, mzuri kupita kiasi, hutazami kama ana kwato? Aliponyanyua gauni kuvuka kizingiti nikaona viatu, na juu yake vifundo vya miguu ya binadamu. Moyo ukatulia. Nikajua ni mambo ya maonyesho, wamemleta mtu avae kama zamani.

"Aziza, nenda kamfunge bibi gauni."

Akamtazama yule mwanamke, akanisogelea. "Mamma, jag vill inte." Hataki. Mtoto wangu hakuwahi kunikatalia mbele ya watu.

"Hutaki nini? Mkubwa akikutuma unajibizana? Adabu yako umeiacha wapi?"

"Mama, tafadhali," akasema, safari hii kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, jamani! Hapo mama mwenye masikio angeshtuka. Mie niliona aibu tu mbele ya mgeni. Kwetu mtoto ni wa wote, mkubwa yeyote humtuma, na kumkatalia ni kumvua nguo mzazi wako. Nikamsukuma kidogo begani. "Nenda."

Yule mwanamke akamshika mkono, akageuka. Ndipo nikauona mgongo. Vibanio kutoka shingoni hadi kiunoni, na pale nguo ilipoachana hapakuwa na mgongo. Hakuna nyama, hakuna mfupa. Mtupu, kachongwa kama mtumbwi, na ndani yake giza.

Nikapiga yowe, nikakimbia. Walikuwa wameshaingia chumba cha mwisho, na chumba kile hakina mlango mwingine. Nilipofika, hamna mtu. Picha tu ukutani. Niliita Aziza, Aziza, nikapiga kuta kwa viganja. Kwenye picha kubwa kuliko zote alikuwepo yule mwanamke, kasimama ngazini na gauni lake jeupe, anatabasamu. Na nyuma yake, kivulini, mkono wa msichana umeshika kibanio. Mkono una bangili ya shanga niliyomnunulia Aziza sikukuu ya Idi.

Nilipiga magoti. Nikamwambia yule mwanamke, nichukue mie. Mgongo wangu mpana, ndio niliombebea mtoto huyu mwaka mzima, utakutosha. Mwachie binti yangu. Nililia kwa kila lugha ninayoijua, na hakunijibu hata kwa moja.

Gunilla alinikuta sakafuni. Akaninyanyua, na nilipogeuka, Aziza kasimama katikati ya chumba, ananitabasamia. Nikamkumbatia. Alikuwa wa baridi, na mkononi hana bangili.

Nilipomsimulia Gunilla, uso ulimshuka. Akasema bibi yake aliwaonya watoto juu ya mwanamke wa msituni, mzuri kwa mbele, kwa nyuma mtupu kama gogo lililooza. "Wazee wetu," akasema, "walitazama mgongo." Walitazama mgongo! Miaka yote hii nimefundishwa foleni zao, kodi zao, kutenganisha takataka zao, na hili hakuna aliyeniambia.

Sasa yuko nyumbani. Anakula, anaenda shule. Daktari kampima, kasema mzima. Nimempeleka msikitini Fittja kusomewa dua, akatulia tu na tabasamu lake. Lakini hanipi mgongo. Akitoka chumbani anatoka kinyumenyume. Zamani kila Jumapili nilimsuka, kakaa sakafuni katikati ya magoti yangu, kanipa kisogo. Siku hizi nikichukua kitana anatikisa kichwa. Na nikimwita ananijibu Kifaransa, ambacho hajakisoma popote: "Oui, madame." Madame! Mama yake niliyemzaa!

Maonyesho yamefungwa. Picha zilitiwa masandukuni, zikapelekwa mji mwingine, na kila ninayemuuliza ananiangalia kama unavyoniangalia wewe. Siku ya mwisho niliisogelea ile picha. Mkono bado upo. Unatetemeka, wallahi, vile mkono unavyotetemeka ukishika kitu kwa muda mrefu.

Basi, nakuomba. Ugenini usitazame miguu peke yake. Mtoto wako akikwambia hataki, muulize kwa nini kabla hujamuuliza adabu. Na picha zile zikifika mjini kwako, ukamwona mwanamke wa gauni jeupe ngazini, sogea, wasikuzuie, wakikuzuia pigana nao. Mwite Aziza kwa Kiswahili. Mwambie mama kasema hapana. Aliachie gauni la watu, arudi nyumbani.