Unga mweusi wa Lameck

Leo nimeharibu kitu cha mwisho alichonitengenezea marehemu mume wangu.

Mnajua natia rangi batiki hapa Kiseke. Maji yenye rangi yalikuwa yanateremka hadi bustani ya mchicha ya jirani, Mama Neema. Ndipo mume wangu Lameck akatengeneza unga mweusi wa mkaa na chuma. Ukiukoroga ndani ya pipa, unanasa rangi. Kisha unazamisha sumaku ya spika mbovu, unga wote unaifuata, maji yanabaki meupe. Unasuuzwa, unaanikwa, unatumika tena.

Yeye aliuanika juani kwenye sinia, akifukuza kuku kwa kofia yake.

Wiki hii mvua haikatiki.

Basi mimi nikaukaanga jikoni, kama karanga!

Ukashika moto. Ukageuka mwekundu kama kutu.

Nikaukoroga hivyo hivyo. Nikazamisha sumaku, ikatoka tupu. Maji bado ya bluu.

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Baraka, si alikufundisha kuutengeneza?"

"Alisema atanifundisha akipona, dada."

Kisha akasema kwa upole, "Pole. Lakini usiyamwage, nakuomba. Mchicha ule ndio unaolisha wanangu."



Jamani, kama kuna anayejua kutengeneza unga ule, aniandikie hapa chini sasa hivi. Pipa limejaa hadi mdomoni na siwezi kuliinua. Nimelifunika kwa bati, lakini mvua bado inaingia.