Kukaguliwa na Mtani

Brigita alizaliwa Likunja, akasomea kompyuta Dar, akarudi Ruangwa kabla Dar haijammaliza. Wenzake wa chuo walimcheka: huko unakwenda kumtengenezea nani programu, korosho? Naam, korosho. Chama kimoja cha ushirika kilitaka mfumo wa kupokea magunia ya wakulima kwenye maghala ya Ruangwa na Nachingwea, naye akaunda timu ya watu watatu nyuma ya duka la saruji. Mfumo ukifaulu jaribio, timu inaishi. Ukigoma, kazi inapewa kampuni ya Dar, na Brigita anarudi Likunja kushika jembe, majirani wakichungulia.

Tatizo lilikuwa kaka Mahamudu. Ndiye hodari wao, ndiye mkubwa wao kwa umri, na programu zake zilisomeka kama shamba lililopitiwa na nyani. Uzito wa gunia aliuita a. Mkulima aa. Ghala aliliita aaa, utadhani yuko kwa daktari wa meno. Brigita alibandika kanuni ukutani: majina yaeleweke, na kazi ya kila mtu ikaguliwe na mwenzake kabla haijaingia kwenye mfumo. Mahamudu alizisoma, akasifu mwandiko, akaendelea na aaaa.

"Si umwambie?" alisema Nasma, mdogo wa timu.

"Nimwambieje? Ni kaka yetu."

"Haya, tufe kwa heshima."

Kila walipokagua kazi ya Mahamudu waliandika "Safi sana kaka," wakafunga. Walikuwa hawajaelewa hata mstari mmoja. Ofisi nyingi nchini huendeshwa hivyo hivyo, ila hayo tuyaache.

Kisha baba mdogo wa Brigita akafariki huko Mnero, timu ikaenda kuzika. Brigita ni Mmwera, Mahamudu Myao. Babu zao walitaniana, na msibani mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Watu wakiwa katikati ya kilio, Mahamudu akatokea amevaa koti la marehemu, akasimama mbele ya sufuria ya ubwabwa.

"Hakuna kula! Mmemuua kwa uchoyo, leo ndiyo mnapika? Na huyu Brigita wenu, bosi mzima, analia kama bata aliyekanyagwa!"

Waombolezaji walicheka na machozi yao. Shangazi Prisila, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, alimrushia mwiko. Brigita naye akacheka, halafu akamtazama Mahamudu upya: mtani huambiwa lolote. Kumbe!

Waliporudi kazini Brigita alimgeukia Mahamudu. "Wewe Myao. Hii aaa ndiyo nini? Kwenu majina yaliisha?"

Nasma alijificha nyuma ya kompyuta yake. Mahamudu alikodoa macho, kisha akacheka mpaka kiti kikalia.

"Wamwera bwana! Hata herufi a inawashinda kusoma?"

"Tunasoma. Tunasubiri ufike b."

Siku hiyo hiyo a ikawa uzito_wa_gunia. Kisha Mahamudu akalipiza: akafungua kazi ya Brigita, akaiita hotuba ya mgeni rasmi, maneno mengi na hakuna kitu. Ilimuuma, maana ilikuwa kweli. Akaikata nusu. Nasma, Mmakonde, akauliza yeye atatukanwa na nani. Wote wawili wakajitolea.

Siku ya jaribio, mzee Anselmo, katibu wa ushirika, alisimama ghalani Ruangwa mikono nyuma. Gunia la kwanza lilipokelewa. La pili mfumo ukalikataa. Sehemu hiyo aliiandika Mahamudu, na Mahamudu alikuwa amekwama Matambarale na pikipiki yenye pancha, simu haipatikani.

"Kampuni ya Dar ilinipigia jana," alisema mzee Anselmo.

Nasma alikuwa ameshafungua kompyuta, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Dada, ona. Uzito wa gunia lililopita haufutwi." Akarekebisha.

"Subiri, nikague."

"Dada, mzee anaondoka!"

"Aondoke." Brigita akasoma mpaka mwisho. "Umerekebisha ghala la Ruangwa tu. Nachingwea je, Mmakonde wewe?"

Nasma akarekebisha na huko. Gunia la pili likapita. La tatu likapita.

Mahamudu aliingia mwekundu kwa vumbi. "Mmegusa kazi yangu?"

"Tumeigusa."

"Na mkaielewa?"

"Yote," alisema Nasma.

Mahamudu akaketi juu ya gunia, hajui acheke au anune. "Inuka hapo, kijana," alisema mzee Anselmo, "hilo nalo halijapimwa. Na msimu ukifunguliwa, nawataka hapa wote watatu."