Mkia wa Ndege Yangu Haukuwa na Kosa

Leo nimekasirika hadi chakula hakipiti.

Asubuhi nzima nilikuwa ufukweni narekebisha ndege yangu ndogo ya rimoti. Kila nikiirusha ilikuwa inainamisha pua. Nikawa naupinda mkia juu kidogo, narusha tena, hadi ikatulia kabisa hewani.

Nikaiacha uani kwetu, hapo hapo kando ya ziwa, nikaenda kuwaita majirani waje kuona.

Nimeirusha mbele yao. Ikazamisha pua moja kwa moja ziwani.

Nikamgeukia mama, aliyekuwa anafinyanga vyungu vyake pale uani.

“Mama, umeugusa mkia?”

“Ulikuwa umepinda, nikakunyooshea. Na hata ndaga hujasema.”

Yaani nishukuru, na ndege iko chini ya maji.

Sasa kaninunia yeye. Semeni jamani, hapa nani anamwomba mwenzake msamaha?