Urefu wa Renny Daigneault

Orest Wasylyk hakupenda kukaa na wasaka vipaji wenzake wa hoki ya barafuni. Wenzake walikaa juu, nyuma ya kioo, palipokuwa na joto na viti vya sponji. Yeye alisimama chini kwenye kona, karibu na mlango wa gari la kulainisha barafu, baridi ikimpiga mgongoni, mikono imezama mfukoni.

"Kutoka juu mnaona mchezo," aliwaambia waliomcheka. "Mimi sikutumwa kuangalia mchezo. Nimetumwa kuangalia mtoto."

Alizaliwa shambani, nje kidogo ya mji wa Harrow, katika nyanda za ngano za Saskatchewan. Ujanani alicheza ulinzi mpaka goti likakataa, na baada ya hapo akaendesha greda la halmashauri, akisukuma theluji barabarani kabla mabasi ya shule hayajatoka. Klabu ya vijana ya Harrow ilimpa mafuta ya gari na chakula cha njiani, basi. Kwa malipo hayo alizunguka kila kijiji chenye uwanja wa barafu, msimu baada ya msimu. Verna, mkewe, alizoea kuwaambia majirani kwamba yeye ana mume wa kiangazi tu.

Kazi yake ilikuwa kulinganisha. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi nyepesi: huyu ana mabao mengi, yule machache, chukua wa kwanza. Orest alijua ubaya wa hesabu hiyo. Katika umri wa miaka kumi na minne, kijana mwenye sharubu hucheza na vijana wasio na sharubu, akawasukuma kama milango. Miaka mitatu baadaye wote wana sharubu, na yule wa kwanza hana tena cha kuwazidi. Kwa hiyo Orest hakuuliza nani ni bora leo. Aliuliza nani bado ana mahali pa kwenda.

Aliangalia miguu, kwa sababu kijana mwenye viatu vikubwa kuliko mwili wake bado anakua. Aliangalia mabega. Kisha, kama wafanyavyo wasaka vipaji wote wa nyanda zile, aligeuka kuwaangalia wazazi jukwaani. Baba mrefu aliyeshika kikombe cha kahawa, mama mrefu kando yake: hapo moyo hutulia. Hakuna aliyeona haya kufanya hivyo. Wote ni watoto wa wakulima, na mkulima hanunui ndama kabla hajamwona ng'ombe aliyemzaa.

Majira yale ya baridi vijana wawili walimnyima usingizi, na wote wawili walichezea timu moja, ya mji mdogo wa Dunmarsh. Reid Halvorsen alikuwa tayari na kifua cha mtu mzima. Alipiga kisahani, kile kipande cha mpira mgumu kinachogombewa kwa magongo, kwa nguvu hadi kipa akageuza uso, na tena alikuwa kijana wa adabu, wa kwanza kumwinua aliyeanguka. Mwingine alikuwa Renny Daigneault, mwembamba, fulana ikimpwaya. Mabao yake yalikuwa machache. Lakini Orest aliona kwamba mabao mengi ya Halvorsen yalianzia kwenye gongo la Renny. Kijana yule aligeuza shingo kuangalia nyuma kabla kisahani hakijamfikia, na wenzake walipokimbia kwa pupa, yeye alipunguza mwendo, akangoja nafasi ifunguke, akapitisha pasi hapo.

Klabu za ligi huchagua vijana kwa zamu, mzunguko baada ya mzunguko, na Harrow ilikuwa na zamu moja tu katika mzunguko wa kwanza. Marv Tollefson, mkuu wa wasaka vipaji wa Harrow, alimtaka Halvorsen.

"Daigneault ni mdogo, Orest. Ligi yetu itamtafuna."

"Atakua," Orest akamjibu kwenye simu. "Nimemwona baba yake. Akipita mlangoni anainama. Na mama naye si haba. Mpe huyo mtoto miaka miwili."

Neno la Orest lilikuwa na uzito Harrow, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusifu ovyo. "Kama umemwona baba yake," Marv akasema, "basi tumchukue yeye kwanza."

Orest alirudi Dunmarsh kwa mechi ya nusu fainali moyo ukiwa mwepesi. Wakati wa mapumziko alipanga foleni kwenye dirisha la jikoni, ambako kina mama wa mji waliuza pierogi, yaani vibunda vya unga vilivyojazwa viazi na kukaangwa na vitunguu. Aliyekuwa akipakua ni mwanamke mrefu aliyemwona msimu mzima akimshangilia Renny, ila hakuwahi kumwuliza jina: mama Friesen. Mumewe Abe, yule wa kuinama mlangoni, alikuwa nyuma yake akibeba masufuria.

"Kijana wenu anacheza kwa akili," Orest akasema.

"Wetu wa kulisha tu, mzee wangu," mama Friesen akacheka. "Anakula kama trekta, halafu hakionekani kinapokwenda. Mama yake alikuja Krismasi kutoka kijijini kwao Île-à-la-Crosse, kule kaskazini. Alipomkumbatia Abe, kichwa kilimfikia kwenye kifungo cha tatu cha shati. Na baba ndiyo hivyo hivyo. Watu wazuri, lakini wafupi jamani."

Orest alishika sahani bila kuondoka. "Abe si baba yake?"

"Abe, njoo usikie. Umepata mtoto." Akamgeukia tena Orest. "Sisi nyumbani wote nywele zetu ni kama nyasi kavu. Yule za kwake nyeusi ti. Ulidhani tumezipaka rangi?"

"Sijawahi kumwona bila helmeti," Orest akasema, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Alikula amesimama, bila kuonja kitu. Kijana wa kijiji cha mbali kisicho na timu hupewa nyumba katika mji wenye timu, akakaa huko majira yote ya baridi, na watu wa nyumba hiyo humshangilia kama wao. Kila mtu anajua. Orest na Verna wenyewe waliwahi kulea vijana wa namna hiyo, na Orest alipiga kelele kwa ajili yao mpaka sauti ikakauka. Yeye, kati ya watu wote, alitakiwa kuuliza.

Nyumbani alimweleza Verna, naye akacheka, kisha akaacha kucheka alipomwona uso.

"Nyamaza, basi," akasema. "Unampenda mtoto yule. Achaguliwe wa kwanza. Nani atajua?"

"Marv atajua akimwona baada ya miaka miwili."

"Wewe utakuwa umestaafu, unavua samaki."

"Ndiyo. Lakini Renny atakuwa pale. Watamchukua wakimngoja mtu mrefu, halafu yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini hakurefuka. Mtoto atalipia macho yangu."



Kikao cha mwisho kilifanyika chumba cha juu cha uwanja wa Harrow. Orest alisema mapema, kabla kahawa haijapoa.

"Yule mrefu si baba yake. Ni mwenyeji wake. Wazazi ni wafupi wote wawili."

Mmoja akasema, "Kwa hiyo umempima mtoto kwa urefu wa mwenye nyumba," na wakacheka mpaka wengine wakafuta macho. Orest aliwaacha wamalize.

Marv hakucheka sana. "Toa urefu," akasema. "Umebaki na nini?"

"Nimebaki na nilichokiona kabla sijatazama jukwaani." Akawaeleza ile shingo inayogeuka, ule mwendo unaopungua. Akaeleza jinsi Renny alivyopoteza kisahani katika nusu fainali, hakupiga gongo kwenye barafu kwa hasira wala hakumwangalia kocha, bali alirudi nyuma mbio na kukinyang'anya tena mbele ya goli lake. "Halvorsen ni kijana mzuri. Ukimchukua hutanilaumu. Lakini mwulize yeye mwenyewe anataka kucheza pembeni ya nani."

Marv alikuna kidevu. "Wa kwanza atakuwa Halvorsen. Siwezi kumtetea mfupi kwa wenye klabu kwenye mzunguko wa kwanza. Baadaye, kama bado yupo, tutaona."

Siku ya kuchagua, klabu zilitaja majina kwa zamu, na Orest alikaa amekunja mikono kama mtu anayengojea habari za hospitali. Halvorsen alitajwa, watu wakapiga makofi. Mzunguko wa pili ukapita. Katika wa tatu klabu moja iliomba muda wa kufikiri, na Orest akafumba macho, lakini ikamtaja kipa. Zamu ya Harrow ilipofika katika mzunguko wa nne, Marv alimsogezea simu ya spika.

"Sema wewe. Mimi hilo jina litanishinda."

Orest alilitamka polepole, akahakikisha kila herufi imesikika. Kisha akatoka koridoni kupiga simu Île-à-la-Crosse, kwa kuwa hakutaka familia isome habari hizo kwenye mtandao.

Alipokea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa heshima.

"Bwana Wasylyk," akaongeza, "mmeona kwamba ni mdogo? Nisingependa aje huko mkashtuka."

"Tumeona, mama," Orest akasema. "Tumemchagua hivyo hivyo alivyo."