Misokoto Kumi na Mmoja ya Mzee Tjaden

Orrin Haverkamp alianza kumficha bintiye habari za macho yake mezani jikoni, wakichambua senti.

Ilikuwa desturi yao ya kila Jumamosi tangu mama yake Tessa afariki. Asubuhi walikwenda benki, Orrin akatoa dola ishirini na tano, akapewa sanduku lenye misokoto hamsini. Kila msokoto ulikuwa na senti hamsini zilizobanwa kwa karatasi. Nyumbani walipasua karatasi hizo na kutafuta senti za zamani, zile zenye masuke mawili ya ngano mgongoni, ambazo serikali iliacha kuzitengeneza Orrin angali mwanafunzi. Walizozipata walizitia kwenye chupa ya achari. Zilizobaki walizipeleka benki nyingine, ng'ambo ya reli, ili wasije wakauziwa senti zao wenyewe.

"Baba, hii umeipita," alisema Tessa siku moja. Alikuwa na miaka kumi na moja, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa uchafu wa shaba. "Ina masuke."

"Nilikuwa nakupima."

"Na ile ya Jumamosi iliyopita ulinipima pia?"

"Fanya kazi, bibie. Silipi watu wa kupiga domo."

"Hunilipi kabisa."

Wakacheka. Lakini senti alizozipita Orrin ziliongezeka, na Tessa akaacha kumtania. Baba yake alipoinuka kwenda kunawa, mtoto alilivuta fungu la baba na kulipitia upya kimyakimya, kisha akalirudisha lilivyokuwa. Orrin aliliona hilo kama kivuli kinachocheza mezani.

Kilikuwa kisukari. Mwezi wa Oktoba daktari alimwambia kwamba damu ilikuwa ikivuja nyuma ya macho yote mawili, na kwamba asishike tena usukani. Orrin aliikunja ile karatasi ya daktari akaitia mfukoni. Kiwanda cha kusaga mahindi alichofanyia kazi kilikuwa maili tisa kutoka nyumbani, na katika sehemu ile ya Iowa hapakuwa na basi. Alipokwenda kufanya upya leseni yake, mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alisoma kwa sauti herufi za ukutani za kupimia macho. Orrin alizikariri, na zamu yake ilipofika akazitaja bila kukosea hata moja.

Februari kulikuwa na mnada katika shamba la marehemu Mzee Tjaden. Kati ya majembe na vitanda palikuwa na boksi la viatu lenye misokoto kumi na mmoja ya senti, ambayo mzee aliifunga kwa mkono wake miaka mingi nyuma na kuiandika kwa penseli. Haikuwahi kufunguliwa. Tessa alimshika baba yake mkono wa koti, akaubana, asiseme neno, maana alijua wanunuzi wengine wakimwona na shauku wataipandisha bei. Waliipata. Njia nzima ya kurudi garini alilipakata lile boksi kwa mikono miwili.

Wakaondoka. Theluji ilikuwa imelala mashambani na barabara ilikuwa nyeupe pande zote.

"Kuna trekta mbele," alisema Tessa.

"Naliona."

"Pale kwenye kibao cha kusimama, kuna gari jekundu linakuja."

"Naliona, Tessa."

Kwa miezi kadhaa Orrin alikuwa ameyachukulia maneno haya kuwa soga za mtoto aliyechoka kukaa. Siku ile, kwa namna Tessa alivyoyasema polepole na kwa uangalifu, kama mtu anayemsomea mgonjwa, alielewa kwamba hazikuwa soga hata kidogo. Mtoto alijua. Alikuwa akijua tangu zamani. Orrin akaona aibu, na aibu ikamfanya aseme jambo ambalo alilijutia maisha yake yote.

"Fungua mmoja," alisema.

"Tusubiri mezani, Baba."

"Fungua tu. Barabara hii naijua kama jikoni kwangu. Nisomee."

Tessa akainamisha kichwa. Karatasi ikachanika. "Ishirini na tisa," alisoma miaka iliyochapwa juu ya senti. "Thelathini na sita. Kumi na tisa. Baba, zote ni za ngano, hakuna hata moja ya..."

Orrin alisikia kishindo kabla hajaona chochote. Alikanyaga breki, gari likateleza upande na kusimama, na senti zikamwagika miguuni pao.

Delbert Fenske alikuwa ametoka kuchukua barua kwenye sanduku lake kando ya barabara. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na koti la kijivu. Alikuwa amelala kwenye theluji akiuliza miwani yake iko wapi. Mke wake, Irma, alitoka nyumbani akikimbia kwa viatu vya ndani.

Polisi alipofika aliuliza ilikuwaje. Kabla Orrin hajafungua mdomo, Tessa alijibu.

"Jua lilimpiga machoni. Hata mimi sikuona kitu."

Jua kweli lilikuwa mbele yao. Polisi alilitazama, akaandika, akampiga mtoto begani kwa upole. Orrin alinyamaza.

Delbert alifariki hospitalini siku ya tatu. Baada ya mazishi Tessa aliacha kula. Orrin alimpikia viazi, akamkaangia mayai, akamnunulia mkate mtamu aliokuwa akiupenda. Vyote vilipoa mezani. Boksi la viatu lilikuwa juu ya kabati na hakuna aliyeligusa.

"Kula kidogo, mwanangu."

"Laiti ningekuwa naangalia mbele," alisema Tessa. "Siku zote naangalia mbele. Siku moja tu sikuangalia."

Orrin alikaa. Aliutazama uso wa mtoto wake, na pale katikati, mahali pa macho na pua, aliona doa jeusi tu. Akainuka, akampigia simu dada yake Marlys aje na gari.

"Unajua watakufanya nini?" aliuliza Marlys walipofika nje ya kituo cha polisi.

"Najua. Wewe mchukue Tessa."

Alieleza yote: Oktoba, ile karatasi, herufi za ukutani. Alisema pia kwamba ndiye aliyemwambia mtoto ainamishe kichwa. Alifungwa miezi saba. Kazi aliipoteza. Tessa alihamia kwa shangazi yake, na alipoletwa kumwona baba yake mara ya kwanza hakutaka kuketi.

"Nilikutetea," alisema, "ukanifanya muongo mbele ya watu."

"Muongo ni mimi. Wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi na moja unayeendesha gari kwa mdomo."

"Sikutaka wakuchukue."

"Najua, mama. Najua."

Basi Tessa akalia, kwa mara ya kwanza tangu Februari, na mlinzi aliangalia pembeni.

Orrin alitoka Novemba. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia lilitofautisha mchana na usiku na kidogo zaidi ya hapo. Jumapili moja Marlys alimleta Tessa, na Orrin akawaambia kwamba anataka kwenda kwa Irma Fenske, kwa miguu. Tessa alivaa koti lake tena, akampa bega. Walitembea maili mbili kwenye upepo, naye akimwambia palipo na barafu.

Irma alifungua mlango.

"Nimekuja kukuambia kwa mdomo wangu," alisema Orrin. "Nilijua sioni, nikaendesha."

"Nilisoma gazetini," alisema Irma.

"Sikuja kuomba kitu."

"Vizuri, kwa sababu sina cha kukupa." Kisha sauti yake ikageukia chini, kwa mtoto. "Huyu midomo imekuwa ya buluu. Ingia, binti, uote moto. Wewe baki huko nje."

Tessa alisita, bega lake bado chini ya mkono wa baba.

"Ingia," alisema Orrin.

Mlango ulifungwa. Alipapasa mpaka akaipata nguzo ya baraza, akaiegemea. Ndani alisikia kiti kikivutwa, kisha sauti ya Irma ikiuliza kama alikuwa amekula, na sauti ya Tessa ikijibu, ndogo sana, kwamba bado.